Mita 7.62 kutoka ekseli hadi ekseli: kwa nini dragsta zilirefuka

Dragsta ya Top Fuel, gari la daraja la juu kabisa katika mbio za dragi za Marekani, zile mbio fupi za kwenda moja kwa moja, ina inchi 300 kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma. Hizo ni mita 7.62, wakati saluni ya kawaida ya familia ina mita 2.6 hivi. Gari lenyewe hubeba mtu mmoja, halikati kona, na kazi yake yote ni kwenda moja kwa moja kwa umbali wa mita 305, safari inayoisha kabla sekunde nne hazijatimia. Anayeliona kwa mara ya kwanza huuliza urefu wote ule ni wa nini, na mara nyingi huambiwa kwamba gari refu haliinui pua. Kuna ukweli katika jibu hilo, lakini limekaa upande. Ukilichukua lilivyo, hutaelewa kwa nini miaka ya 1950 mafundi wa California walijenga dragsta fupi kuliko saluni za wakati ule, wala kwa nini mwaka 1965 Chrysler ilichukua magari mapya, ikayakata na kusogeza magurudumu yote manne mbele.

Kinachotawala umbo la dragsta ni mahali uzito ulipo ukilinganisha na ekseli ya nyuma. Na mahali hapo panaamuliwa na tairi. Kila tairi lilipobadilika, chesisi nayo ilibadilika, na magari mengi tunayoyaona leo kuwa vituko yalikuwa majibu ya busara kwa tairi la mwaka ule.

Gari linapoondoka, matairi ya nyuma husukuma lami kwenda nyuma, nayo lami husukuma gari kwenda mbele. Msukumo huo unapita chini kabisa, usawa wa lami. Uzito wa gari uko juu zaidi: ipo sehemu moja ambayo tunaweza kuhesabu kwamba uzito wote umekusanyika hapo, na tuiite kitovu cha uzito. Kwa kuwa msukumo uko chini na kitovu kiko juu, gari linataka kuzunguka, pua ipande na mkia ukae. Kinachoizuia pua ni uzito uliolala mbele ya ekseli ya nyuma. Mvuta mkokoteni analijua hili mikononi mwake: magunia yakipangwa nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni inapanda na kumnyanyua, yakipangwa mbele, mikono inamlemea.

Hesabu yake ni fupi. Pima umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi kitovu cha uzito, kisha ugawanye kwa kimo cha kitovu kutoka lami. Unachopata ndicho mchapuko, kwa kipimo cha g (g moja ni mchapuko wa kitu kinachoanguka), ambao pua ya gari itaanza kunyanyuka. Tuseme kitovu kiko sentimita 60 juu ya lami na mita moja mbele ya ekseli ya nyuma. Moja kwa 0.6 ni 1.67, kwa hiyo gari hilo litainua pua likifika g 1.67. Ukitaka lihimili g 4, kiwango ambacho Top Fuel hukifikia na kukipita, itakubidi usogeze kitovu hadi mita 2.4 mbele ya ekseli, au ukishushe chini sana. Angalia vizuri: katika hesabu hiyo umbali kati ya ekseli mbili haumo. Unaweza kuwa na gari la mita tano linaloinua pua upesi kuliko la mita tatu, ikiwa lile refu limerundika kila kitu nyuma.

Upande wa pili wa mambo ni mshiko. Tairi linashika lami kadiri linavyokandamizwa. Uzito uliowekwa mbele unaituliza pua, lakini hauyakandamizi matairi ya nyuma, na ndiyo yanayosukuma. Uzito uliowekwa nyuma unayapa matairi mshiko, lakini unaiachia pua ipae. Matakwa hayo mawili yanavutana daima. Tairi likiwa baya, gari halifikii hata huo mchapuko wa kuinua pua. Tairi linazunguka bure na kutoa moshi, na fundi mwenye akili husogeza kila kilo nyuma. Tairi likiwa zuri, tatizo linageuka.

Miaka ya 1950 tairi lilikuwa baya. Mbio za dragi zilizopangwa kibiashara zilianza mwaka 1950 kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana, California, na miongoni mwa waliokimbia pale alikuwa Dick Kraft, aliyevua Ford ya zamani mpaka ikabaki fremu, injini na kiti. Wengi huihesabu kuwa dragsta ya kwanza. Mantiki yake ilikuwa kupunguza uzito. Walioifuata waliona kwamba kupunguza hakutoshi, kwamba uzito uliobaki lazima upelekwe juu ya tairi. Mwaka 1954 dereva Mickey Thompson alikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, huku difu, yaani gia za ekseli hiyo, ikiwa katikati ya miguu yake. Umbo hilo lilipewa jina la manati, kwa kuwa dereva alikaa mkiani kama jiwe linalosubiri kurushwa, na lilitawala kwa miaka kumi na mitano. Kwa hesabu yetu, Thompson alifanya jambo sahihi kabisa: alichukua mwili wa mtu, mojawapo ya vitu vizito ambavyo fundi anaweza kuvihamisha bila kukata chuma, akauweka mahali unapokandamiza tairi kupita uzito wake wenyewe, maana kilo iliyo nyuma ya ekseli hupunguza pia mzigo wa mbele.

Lloyd Scott alikwenda mbali zaidi. Gari lake, Bustle Bomb, lilikuwa na injini ya Oldsmobile mbele ya dereva na nyingine ya Cadillac nyuma ya ekseli ya nyuma, ikining'inia mkiani. Ukiitazama picha yake leo unadhani aliyeijenga alikosea vipimo. Lakini mwaka 1955, kwenye mashindano ya kwanza ya kitaifa ya NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, huko Great Bend, Kansas, gari hilo lilivuka maili 150 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 240, na halikuwahi kutokea dragsta iliyofika hapo kabla yake. Kwa tairi la mwaka 1955, injini iliyoning'inia mkiani ilikuwa ndiyo mshiko wenyewe.

Manati za mwanzo zilikuwa na inchi 90 hadi 100 hivi kati ya ekseli, kama mita mbili na nusu au pungufu kidogo. Scotty Fenn, kupitia kampuni yake ya Chassis Research, aliuza fremu fupi za aina hiyo zikiwa tayari, na vijana waliokuwa na injini tu wakaweza kushindana. Ufupi ulikuwa na maana: mabomba machache, uzito mdogo, na kila kitu karibu na matairi. Gari lilitoa moshi kutoka mstari wa kuanzia hadi mstari wa mwisho, na kwa kuwa matairi yalikuwa yakiteleza muda wote, pua ilitulia.

Kisha kukaja jambo ambalo halikuhusu chesisi hata kidogo, na ndilo lililozaa magari ya ajabu kuliko yote. Mwaka 1957 NHRA ilipiga marufuku nitromethani, mafuta yanayoipa injini nguvu maradufu na zaidi, na marufuku hiyo ikadumu hadi mwaka 1963. Wajenzi waliobaki na petroli ya kawaida wakawa na njia moja ya kupata nguvu: kuongeza injini. Tommy Ivo, kijana mwigizaji wa televisheni, alifunga Buick mbili ubavu kwa ubavu katika chesisi iliyojengwa na Kent Fuller. Mwaka 1961 wawili hao walitoka na Showboat, gari lenye Buick nne, mbili zikisukuma magurudumu ya mbele na mbili ya nyuma. John Peters na wenzake wakaja na Freight Train, injini mbili zilizopangwa moja mbele ya nyingine.

Showboat inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu swali lililo ndani yake ni zuri. Kama tairi ndilo linalokwamisha, kwa nini utumie matairi mawili wakati unayo manne? Kwenye karatasi hakuna wa kumpinga Ivo. Shida ni kwamba gari likiondoka kwa nguvu, uzito unahamia nyuma, na matairi ya mbele yanapoteza mshiko wakati uleule yanapohitajika zaidi. Unabaki umebeba injini mbili na mitambo yake yote ili kuyasukuma matairi ambayo hayajakandamizwa vya kutosha. NHRA iliiruhusu Showboat kwa maonyesho tu, haikushindana. Moshi wa magurudumu manne ulijaza majukwaa ya watazamaji kwa miaka mingi, na mimi naona gari hilo lilifundisha zaidi kuliko mengi yaliyoshinda.

Jaribio lingine la wakati huo lililenga difu. Katika gari la kawaida la wakati ule injini ililala kwa urefu, na nguvu yake ilipofika nyuma ilibidi igeuzwe pembe kuelekea magurudumu. Chuck Jones na Joe Mailliard, pamoja na dereva Jack Chrisman, waliilaza injini mtambuka mwaka 1959, wakapeleka nguvu kwenye ekseli kwa mnyororo. Gari lao liliitwa Sidewinder. Injini iliyolazwa hivyo inachukua nafasi ndogo kwa urefu, kwa hiyo uzito wake wote unasogea karibu na tairi. Ilikwenda kasi, lakini mtindo huo haukuenea.

Haukuenea kwa sababu tairi lilikuwa linabadilika. Kampuni ya M&H ya Massachusetts ilianza kutengeneza matairi ya dragi hasa, laini na mapana, badala ya yale ya kuvikwa mpira upya yaliyotumika awali. Goodyear nayo ikaingia. Nitromethani iliporudi mwaka 1963, mshiko na nguvu vilipanda kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza swali la hesabu yetu likawa la kweli: pua zilianza kunyanyuka. Tarehe 1 Agosti 1964, huko Great Meadows, New Jersey, dereva Don Garlits alipimwa kasi ya maili 201.34 kwa saa, kilomita 324, na gari lililofupishwa ili kusaidia tairi baya halikuwa tena na kazi.

Hapo ndipo dragsta zilipoanza kurefuka. Katikati ya miaka ya 1960 inchi 150 zilikuwa jambo la kawaida, na mwisho wa muongo baadhi zilivuka 200. Urefu ulifanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Wajenzi waliisogeza injini mbele kidogo kidogo, mbali na ekseli, na hivyo kitovu cha uzito kikaenda mbele. Fremu fupi isingewaachia nafasi hiyo. Ekseli ya mbele yenyewe, ingawa ni nyepesi, ilipokaa mbali ilipata nguvu ya wenzo. Na gari refu, hata likianza kuinuka au kupinda, linazunguka polepole, kwa hiyo dereva anapata muda wa kulirudisha. Hiyo ya tatu madereva waliithamini kuliko wanahesabu.

Woody Gilmore, mjenzi wa kusini mwa California, aliongeza jambo moja ambalo limedumu hadi leo: aliiacha chesisi ipinde. Dragsta haina springi nyuma. Ekseli imefungwa moja kwa moja kwenye fremu. Klachi inaposhika, tairi linakunjamana, na mshtuko unaobaki lazima uende mahali fulani. Ukiwa na fremu fupi na ngumu unarudi kwenye tairi na kulifanya liteleze. Ukiwa na fremu ndefu ya mabomba membamba ya chuma cha kromoli, fremu inaumeza.

Wakati dragsta zinarefuka, magari yenye bodi yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1965 wahandisi wa Chrysler walikuwa na Dodge na Plymouth za kawaida, injini nzito mbele, na tairi ambalo kwa uzito ule bado halikutosha. Waliisogeza ekseli ya nyuma mbele kwa inchi 15, sentimita 38, na ya mbele kwa inchi 10, sentimita 25. Gari lilifupika inchi tano kati ya ekseli, na zaidi ya nusu ya uzito wake ukalala juu ya magurudumu ya nyuma. Bodi zilichovywa kwenye tindikali ili bati liwe jembamba. NHRA iliyakataa kwenye daraja lake, lakini watu walijazana kuyaona kwenye mashindano ya ana kwa ana. Kwa kuwa magurudumu yake yalikaa mahali pasipotarajiwa, watu waliyaita magari ya kuchekesha, Funny Car, na jina hilo likawa la daraja zima. Mwaka uliofuata kampuni ya Mercury ilitoka na magari ya Comet yenye bodi nzima ya faibaglasi inayofunguka juu, ikiwa imekaa juu ya chesisi ya mabomba iliyojengwa na Logghe wa Michigan, na hapo uhusiano na gari la barabarani ulikatika.

Kufikia mwaka 1970 manati ilikuwa imefikia mwisho wake, na mwisho huo haukuwa wa hesabu. Tarehe 8 Machi mwaka huo, kwenye uwanja wa Lions, California, giaboksi ya gari la Garlits ililipuka chini ya miguu yake. Gari lilikatika vipande viwili, naye akapoteza sehemu ya mguu wake wa kulia. Manati ilimweka dereva nyuma ya kila kitu kinachoweza kulipuka: injini, supachaja (pampu inayoisukumia injini hewa), klachi, giaboksi. Mafuta yakimwagika, humwagikia yeye. Garlits akaamua injini ikae nyuma ya mtu.

Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake, na magari yao yalijulikana kwa kuyumba na kupinduka. Sababu ni ya kimwili zaidi kuliko ya kimitambo. Katika manati, dereva yuko mkiani. Mkia ukianza kuteleza kando, mwili wake unateleza nao, na anajua kabla hata ya kuona. Ukimhamishia mbele, karibu na sehemu ambayo gari linazungukia, mkia unaweza kwenda mbali kabla hajahisi. Anachelewa, kisha anasahihisha kwa mkono uleule wa haraka aliozoea, na sahihisho linazidi kosa. Garlits na wasaidizi wake, Connie Swingle na T.C. Lemons, walihangaika na tatizo hilo mpaka walipopunguza wepesi wa usukani, ili mzunguko uleule wa mikono ugeuze magurudumu kidogo zaidi. Gari likanyooka. Mwanzoni mwa mwaka 1971 Garlits alishinda nalo mashindano ya Winternationals huko Pomona, na kufikia katikati ya muongo manati zilikuwa zimetoweka katika daraja la juu. Kwangu hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya dragsta, nalo limewaokoa madereva wengi.

Injini ilipokaa nyuma, uzito ulirudi karibu na tairi, na urefu ukawa wa lazima ili kuisawazisha pua. Mabawa, yanayotumia hewa kulikandamiza gari chini, yalizidisha hitaji hilo. Mwaka 1984 timu ya Joe Amato iliinua bawa la nyuma juu sana na kulisogeza nyuma zaidi ya matairi, kwenye hewa safi, na Amato akawa wa kwanza kuvuka maili 260 kwa saa. Lakini bawa lililo nyuma ya ekseli ni yale magunia ya mkokoteni: linayakandamiza matairi huku likiinua pua. Mwaka 1986 Garlits alivuka maili 270 kwa Swamp Rat 30, gari lenye pua iliyofunikwa na magurudumu madogo sana mbele, ambalo sasa liko kwenye makumbusho ya Smithsonian. Kiangazi cha mwaka huohuo, huko Englishtown, pua yake iliinuka kupita kiasi, hewa ikaingia chini ya tumbo la gari, na gari likasimama wima na kugeuka kabla ya kutua juu ya magurudumu yake likiangalia lilikotoka. Ajali za namna hiyo ziliwakumba na wengine miaka iliyofuata.

Tiba yake ilikuwa bawa la mbele, na bawa hilo linafaa tu likiwa mbali. Kilo mia moja zinazobonyeza mita saba mbele ya ekseli ya nyuma zinafanya kazi mara mbili ya kilo mia moja zinazobonyeza mita tatu na nusu. Timu hufunga pia vipande vizito puani kwa sababu hiyohiyo, na kuviongeza au kuvipunguza kulingana na hali ya lami siku hiyo. Hii ndiyo asili halisi ya inchi 300: urefu wa wenzo. Kanuni za NHRA zimeziweka kuwa kikomo, na wajenzi wote wamekwenda hadi hapo na kusimama. Ushindani wa chesisi umehamia kwenye unene wa kila bomba na mahali fremu inaporuhusiwa kupinda. Wakati wa kuondoka katikati ya gari hupinda kwenda juu, waziwazi kiasi cha kuonekana kwa macho.

Anayeamini bado kwamba urefu ndio siri aiangalie Funny Car ya leo. Inatumia injini ya aina ileile, inchi za ujazo 500, supachaja na nitromethani, lakini kikomo chake kati ya ekseli ni inchi 125, mita 3.18. Injini iko mbele ya dereva, na fito zenye magurudumu madogo zimefungwa nyuma kuizuia pua isipae. Kwa mita zilezile 305 inaachwa na Top Fuel kwa chini ya robo sekunde, na kasi yake mwishoni nayo hupita maili 330 kwa saa. Gharama ya ufupi hulipwa na dereva, ambaye hana muda ule wa kulirudisha gari linapoanza kwenda kando. Ndiyo maana kwenye picha za ndani ya Funny Car mikono yake haitulii tangu taa ya kijani hadi parachuti kufunguka.